Ayuma na Ukuta wa Nje

Siku nilipomwona Ayuma kwa mara ya kwanza, nilikuwa nimepita mbele ya mafundi wa rangi mara kadhaa bila kusimama. Mafundi hao hukaa Mutindwa, karibu na duka la vifaa vya ujenzi, kila mmoja na ndoo yake mbele na brashi zimesimama ndani. Mzee Nyongesa alikuwa amenituma nimletee fundi mmoja. Kazi rahisi. Lakini mimi nikipigiwa kelele husahau nilichokuja kusema, na wanaume wale walikuwa wanapiga kelele wote kwa pamoja.

"Bosi, rangi! Bosi, ndani na nje! Kuja hapa bosi, huyo hajui kitu!"

Nikapita. Nikarudi kama mtu aliyesahau kununua sukumawiki. Nikapita tena.

Ayuma alikuwa mwisho wa mstari, amekalia ndoo iliyogeuzwa, anakula mahindi ya kuchoma. Alivaa ovaroli ya bluu yenye madoa ya rangi za nyumba nyingi, na kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa nyuma. Hakunipigia kelele. Nilipopita mara ya mwisho alisema huku anatafuna:

"Ndugu yangu, umepoteza nini? Tukusaidie kutafuta."

Wenzake wakacheka. Nikasimama, nikamjibu huku naangalia ndoo yake. "Rangi."

"Ya ndani ama ya nje?"

"Ya ndani. Kwa sasa."

Akatupa gunzi, akashika ndoo, akaweka ngazi yake begani. "Twende kabla hujapotea tena."

Mimi ndiye mwangalizi wa ploti ya Mzee Nyongesa huku Umoja, yule ambaye wapangaji wanamwita keateka. Nafungua lango, nafungulia maji, nazima taa za ngazi, na nasikiliza lawama za kila mtu. Nyumba ni ya ghorofa nne. Mzee aliijenga kidogo kidogo alipokuwa akifanya kazi katika kiwanda cha blanketi, na alipostaafu akahamia chumba cha chini, pembeni mwa lango, ili aone anayeingia na anayetoka. Mke wake alishatangulia mbele ya haki. Mwaka ule masika yalikuwa yameipiga nyumba mpaka ikawa na michirizi myeusi toka juu hadi chini, na ndani rangi ilikuwa inabanduka kama maganda ya viazi vilivyochemshwa. Mzee alisimama barabarani siku moja, akaitazama, akaniambia, "Ndete, nyumba hii inaonekana kama mwenyewe alikufa."

Njia nzima kutoka Mutindwa nilikuwa na wasiwasi kidogo, kwa sababu Mzee ni mtu wa desturi na mimi nilikuwa namletea fundi mwanamke. Lakini alimwangalia Ayuma kutoka kitambaa mpaka viatu, akamuuliza kwao ni wapi, akasikia ni Vihiga.

"Ah, mukhana wa kwetu," akasema. Kwao Bungoma ndivyo wanavyomwita binti. Na habari ya kazi ya ndani ikaisha hapo hapo.

Alianza na vyumba viwili vilivyokuwa wazi ghorofa ya kwanza. Mafundi wengine niliowahi kuwaona huanza na ukuta unaotazama mlango, ule ambao mwenye kazi ataona kwanza. Ayuma alianza nyuma ya mlango, pale penye unyevu na misumari ya watu waliohama. Alisema ukiiacha pembe mbaya mpaka mwisho utaifikia umechoka, na pembe mbaya haipendi mtu aliyechoka. Aliosha ukuta kwa maji ya sabuni, akaukwangua, akaziba nyufa, akapiga msasa, kisha akapitisha kiganja juu yake polepole kama mama anayepima homa ya mtoto. Hapo ndipo alipofungua mkebe wa rangi.

Vyuma vya madirisha hakuvipaka kwa brashi. Alikuwa na mfuko mzima wa soksi zisizo na wenzake, alizonunua Gikomba kwa wauza mitumba ambao hawajui wazifanyie nini. Anavaa mfuko wa plastiki mkononi, juu yake soksi, anauchovya mkono kwenye rangi, kisha anashika chuma na kukivuta toka juu hadi chini kama mtu anayekamua ng'ombe. Dirisha linakwisha kabla chai haijapoa. Watoto wa ploti walikuwa wanakuja kusimama mlangoni kumwangalia akikamua madirisha.

Msifikiri alikuwa malaika. Alikuwa na hasira za karibu. Mpangaji mmoja aligusa ukuta mbichi kwa kidole ili kujua kama umekauka, na Ayuma akamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Halafu aliimba. Aliimba nyimbo za kanisa kuanzia asubuhi, lakini alikuwa kwenye kwaya upande wa sauti ya pili, kwa hiyo aliimba sauti ya pili peke yake, na wewe unayesikiliza huwezi kujua ni wimbo gani mpaka umalizike. Mimi nilikuwa napanda na kushuka ngazi bila sababu, nikijaribu kuufahamu wimbo.

Mourine wa ghorofa ya pili, anayeuza vitunguu Muthurwa, aliliona hilo mapema.

"Keateka, siku hizi shati limepigwa pasi."

"Ni la kanisani."

"Leo ni Jumatano."

Mourine akacheka mpaka akaweka gunia chini. "Muulize basi hata kama amekula! Utakufa na maneno tumboni wewe."

Sikumuuliza. Lakini Ayuma mwenyewe alikuwa akiongea akifanya kazi, uso wake umeelekea ukutani, basi mimi nilisimama mlangoni nikasikiliza. Ndivyo nilivyojua habari zake. Alikuja Nairobi akiwa msichana, akawa anafua nguo katika nyumba moja Pumwani. Mwenye nyumba ile alikuwa fundi wa rangi ambaye mgongo ulimharibikia. Hakuweza tena kupanda ngazi, na hakutaka watu wajue. Kwa hiyo aliondoka na Ayuma kila asubuhi, akafika kwa mwenye kazi, akafunga mlango, akakaa juu ya stuli na kuelekeza, na Ayuma akapanda kupaka dari. Kazi za nje yule mzee alikuwa anazikataa, anasema ana nyingi. Aliporudi kwao kupumzika, alimwachia Ayuma ngazi na brashi.

"Lakini wateja walishazoea," alisema. "Ayuma ni wa ndani. Hakuna mtu amewahi kunipa nje. Hata banda la kuku."

Siku ile tulikuwa chumba cha mwisho. Kulikuwa kumebaki dirisha moja tu.

"Hii ya hapa, nje nani anapaka?" akaniuliza.

"Mzee ameniambia nitafute wanaume. Nimeongea na Wandera. Anakuja Jumatatu."

Akavua soksi mkononi. Akakaa juu ya ngazi yake, kipandio cha pili.

"Ndete, nikwambie kitu. Kazi ya ndani inaonekana na wageni waliokuja kunywa chai. Kazi ya nje inaonekana na barabara nzima. Mtu akitaka fundi wa nyumba nzima anauliza, ile ghorofa pale nani alipaka? Haulizi sebule ya mama fulani nani alipaka. Nikipata nje moja tu, moja, nitaacha kukaa kwenye ndoo Mutindwa. Nisipopata, nitazeeka hapo nikila mahindi." Akanitazama. "Nitamwomba Mzee mwenyewe."

Nilijua jibu la Mzee kabla Ayuma hajashuka ngazi. Mtu yeyote wa Umoja anayepita barabara yetu huona jambo moja geni. Katika ploti nyingine wanawake huanika nguo juu kabisa, kwenye zege, penye tangi la maji na jua la kutosha. Kwetu kamba za nguo ziko chini, uani, ambako jua hufika saa sita na kuondoka saa nane. Wanatuita ploti ya nguo chini. Ni Mzee aliyeamuru nguo zianikwe chini tangu nyumba ilipokwisha, na ufunguo wa mlango wa juu ninao mimi.

Tulimkuta amekaa nje ya chumba chake, redio pajani. Ayuma alimwamkia, akachuchumaa kidogo, akasema shida yake bila kuzunguka.

Mzee alizima redio.

"Mukhana, wewe umelelewa na Waluhya."

"Ndiyo, baba."

"Kwenu Vihiga, mama yako aliwahi kupanda juu ya nyumba ya baba yako?"

"Hapana, baba."

"Kwa nini?"

Ayuma akaangalia chini. "Mwanamke akipanda juu ya nyumba ni kama anatangaza kwamba mwenyewe hayupo."

"Basi. Na mimi nipo."

"Uko, baba. Na Mungu akuweke."

"Ndani umefanya vizuri sana. Kwa nje, samahani."

Hakubishana. Mimi ni Mkamba, kwetu sijui kama jambo hilo liko, na moyoni nilikuwa nataka abishane. Lakini yeye alisema "Asante, baba," akaenda kuosha brashi zake bombani. Hakuimba. Nilisimama karibu na bomba nikitafuta neno moja la kumwambia, na sikulipata, na maji yakaendelea kutoka meupe mpaka yakawa safi.

Jumapili, baada ya kanisa, nilipanda juu kusafisha tangi. Juu pale kuna nguzo ambazo vyuma vyake vimeachwa vimechomoza, vinangoja ghorofa ambayo Mzee hajaijenga. Pembeni nilikuta kamba nene tuliyotumia mwaka uliotangulia tulipotengeneza kikalio cha tangi. Ngazi za nyumba yetu ni nyembamba, kwa hiyo mifuko ya simenti niliivuta kwa nje. Nilikuwa naizungusha kamba kwenye nguzo mara mbili ili nguzo ibebe uzito, na mfuko unapanda ukutani taratibu. Nikasimama hapo na ufagio mkononi. Nikafikiri, mfuko ukiwa bado kwenye kamba hauko juu ya nyumba. Uko ukutani tu.

Nilishuka mpaka kwa Mzee kabla sijabadilisha mawazo. Alikuwa anakula ugali na omena.

"Mzee, habari ya... kuhusu ile ya... fundi."

"Kaa. Kula."

Sikukaa. Kama ningekaa ningenyamaza. Nikamweleza: kibao cha kukalia, kimefungwa kamba pande mbili. Anakaa akiwa chini, barabarani. Mimi niko juu, namvuta kama simenti. Anapaka akishuka. Miguu yake haikanyagi juu hata mara moja.

Mzee aliendelea kutafuna. "Na mkono wake? Utashika ukingo wa juu?"

"Hapana, Mzee. Atafika chini ya ukingo tu."

"Na ukingo wenyewe nani anapaka?"

"Mimi. Nikiwa juu."

"Na kamba, ni wewe unashika?"

"Ni mimi."

"Umewahi kushika mtu?"

"Simenti."

Mzee alicheka mpaka omena ikampalia, nikampa maji. Halafu akaiangalia sahani. Nilimwona anaigeuza ile habari kichwani kama mtu anayekagua shati la mtumba upande wa ndani.

"Nitakaa mbele ya nyumba," akasema mwishowe. "Kwenye kiti. Kila siku mpaka amalize. Nitavaa koti. Kila mtu anayepita ataona mwanamke ukutani, na ataona mwenye nyumba amekaa hapo, hai, anakunywa chai. Hakuna atakayesema nimekufa." Akaninyooshea kidole chenye ugali. "Lakini akikanyaga juu, hata kidole cha mguu, kazi imeisha. Ataondoka kama alivyokuja."

Ayuma nilimkuta kesho yake asubuhi pale Mutindwa, juu ya ndoo yake. Safari hii sikupita. Nilisimama mbele yake, nikamweleza kwa maneno machache, na jinsi Mzee alivyoweka sharti. Alisimama, akaichukua ndoo. Kisha akawageukia wale wanaume waliokuwa wakitucheka.

"Kwaherini," akawaambia. "Mimi naenda nje."

Wandera alikuwa keshafika na rola lake refu tuliporudi. Alipoelezwa alishika kiuno.

"Kwa hivyo mimi, Wandera, nimeitwa nishike kamba mwanamke apake?"

"Usiposhika nitatafuta mwingine," Mzee akamwambia kutoka kwenye kiti. Alikuwa tayari na koti.

"Aki Mzee, watu watanicheka."

"Watakuwa wanamwangalia yeye. Wewe hakuna atakayekuona."

Wandera alilalamika, lakini alipoona fundo nililofunga kwenye kibao alilifungua lote. "Hii ni ya kufunga mbuzi," akasema. Akafunga lake, akakalia kibao mwenyewe, nami nikapanda, nikafungua mlango wa juu, nikazungusha kamba kwenye nguzo, nikamwinua kidogo na kumshusha, mara kadhaa, mpaka akaridhika. Kisha akashika kamba ya chini, ile ya kuzuia kibao kisiyumbe, na huko chini akawa anachanganya rangi na kutukana wapita njia. Rangi yenyewe Mzee alitaka iwe ya maziwa yaliyochemka, siyo mabichi, na chini maruni kwa sababu ya matope na mipira ya watoto. Ayuma alichanganya ndoo ya kwanza mpaka Mzee akasema, "Hayo sasa yamechemka."

Ayuma akakaa kwenye kibao, nami nikarudi juu kwenye nguzo.

Kutoka kwenye nguzo simwoni. Ukingo unamficha. Ninachojua ni uzito tu kwenye kamba, na sauti inayotoka nje ya ukuta. Kwanza aliniambia "Vuta," "Simama," "Shusha." Baada ya muda akasema:

"Ndete, uko?"

"Niko."

"Ongea basi. Nisijisikie kama nimetundikwa na pepo."

Sijui kilichotokea. Labda ni kwa sababu sikuona uso wake. Nilifungua mdomo nikamweleza habari za kwetu Mutitu, na baba yangu aliyekuwa akichonga twiga kwa ajili ya watalii ingawa hakuwahi kumwona twiga, hivyo twiga wake wote walikuwa na macho ya mbuzi. Nikasikia kamba inatetemeka. Alikuwa anacheka.

"Kumbe una mdomo! Ulikuwa umeuficha wapi?"

Niliongea siku ile kuliko mwaka mzima. Nilimwambia jinsi nilivyoacha shule nilipomaliza darasa la mwisho la msingi, na mwalimu akalia kuliko mama yangu. Nilimwambia jinsi simenti ya tangi ilivyonipa wazo la kibao. Yeye alinieleza kwamba anataka kupata wanawake wengine awafundishe, kwamba Pumwani wako wengi wanaofua nguo na wana mikono inayojua ukuta. Kisha akashuka, na mimi nikashuka kwa ngazi, nikamkuta anakunywa chai na Mzee, na nikawa yule yule. Neno halikutoka.

"Baba, unaona huyu?" akamwambia Mzee. "Nikitaka kuongea naye lazima nitundikwe."

Wapita njia walisimama. Wengine walipiga picha. Mwanamume mmoja alimuuliza Mzee kama haoni haya, na Mzee akamjibu kwamba anaona vizuri sana, macho yake ni mazima na yeye mwenyewe ni mzima, na kama anataka kuthibitisha aje amguse. Mama Anab, mwenye maghorofa mtaa wa pili, alisimamisha gari lake, akaangalia, akaondoka. Kesho yake akasimama tena.

Siku ya mwisho ulikuwa umebaki upande wa barabara, sehemu ya juu kabisa, chini ya ukingo. Nilikuwa nimeweka gunia juu ya ukingo ili kamba isisuguke. Ayuma alikuwa amefika juu na amepiga rola mara chache tu, niliposikia gunia linateleza. Kamba ikaingia kwenye ufa wa simenti, ikanasa. Nikavuta. Haikusogea. Nikalegeza. Haikusogea. Kisha nikasikia mkebe wa rangi ukianguka barabarani, na Mourine akipiga ukemi.

"Kibao kimelala upande!" Wandera alipiga kelele kutoka chini. "Dada, shika ukingo! Panda juu! Panda!"

Nilijua ukingo uko karibu naye. Angenyoosha mikono miwili, mguu mmoja, angekuwa juu pamoja nami. Na kazi ingekuwa imeisha, na hiyo nje yake moja ingekuwa imeisha nayo. Watu wote wa barabarani walikuwa wanaimba "Panda! Panda!" Halafu juu ya sauti zote nikasikia ya Mzee. Sikujua kama bado alikuwa na sauti kubwa hivyo.

"Mukhana! Panda! Nasema mimi, mwenye nyumba! Panda!"

"Hapana, baba!"

"Panda, nimekuruhusu! Usinifie hapa!"

"Sifi, baba. Kaa kwenye kiti." Kisha, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba chumvi: "Ndete. Funga kamba kwenye nguzo. Umefunga?"

"Nimefunga."

"Kwa fundo la Wandera, siyo la mbuzi?"

"La Wandera."

"Njoo kwenye ukingo."

Nikaenda. Nilipochungulia, uso wake ulikuwa hapo hapo, chini ya wangu, una matone ya rangi kwenye nyusi. Mkono mmoja umeshika kamba na mwingine umebana kibao. Ukingo ulikuwa mbele ya pua yake na hakuugusa.

"Nitajisukuma na miguu niyumbe kulia," akasema. "Kamba ikitoka kwenye ufa, ingiza gunia. Usiniangalie mimi. Angalia kamba."

Akajisukuma. Kamba ikalia, ikatoka, nikaingiza gunia, na mkono wangu pamoja nalo, ngozi ya vidole ikabaki hapo kwenye simenti. Nikarudi kwenye nguzo nikamshusha. Nilimshusha polepole kuliko nilivyowahi kushusha kitu chochote.

Nilipofika chini Mzee alikuwa amesimama, fimbo yake ya kutembelea imeanguka, anamshika Ayuma kiwiko kana kwamba ni yeye Ayuma anayehitaji kushikiliwa.

"Nilikwambia panda. Mbona hukupanda?"

"Baba, leo ungefurahi," Ayuma akasema. Alikuwa anakunywa maji na meno yanagonga kikombe. "Lakini mwezi ujao goti likikuuma, ungesema ni kwa sababu nilipanda."

Mzee akarudi kwenye kiti chake. Wandera aliangalia kando akapangusa pua kwa mkono wenye rangi. Kisha Ayuma akaomba mkebe mwingine, kwa sababu kulikuwa kumebaki kipande cha upana wa mlango, na nikamvuta tena juu. Hakuna aliyepiga kelele safari hii. Barabara nzima ilisimama ikitazama mpaka alipomaliza.

Jioni ile Mzee alinituma nikalete rangi nyeusi. Akamwonyesha Ayuma mahali karibu na lango.

"Watu wanaandika majina yao kwenye nyumba za wengine bila kuulizwa," akasema. "Wewe nakuomba. Andika."

Akaandika kwa brashi ndogo: AYUMA. RANGI. NJE NA NDANI. Na namba ya simu. Kabla haijakauka, Mama Anab alikuwa amesimamisha gari tena, na safari hii alishuka.

Maghorofa yale ya mtaa wa pili Ayuma aliyamaliza na wanawake wawili kutoka Pumwani, wote na soksi mikononi. Baadaye Mama Anab alimpeleka Syokimau kwenye nyumba za ndugu yake, safu nzima, na huko akahamia kabisa. Mzee Nyongesa yuko hai. Bado anakaa nje mbele ya nyumba na koti lake, ingawa hakuna anayepaka. Nguo bado tunaanika chini.

Mimi sijamwona Ayuma tena tangu siku aliyokuja kuchukua ngazi yake, ambayo alikuwa ameiacha kwetu. Alikuja na pikapu iliyojaa ndoo. Nilimbebea ngazi mpaka nje, nikaifunga nyuma kwa kamba, kwa fundo la Wandera. Yeye alipanda akakaa pale pale nyuma, katikati ya ndoo. Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi, na kama angekuwa upande wa pili wa ukuta wowote ningeyasema yote. Lakini alikuwa hapo mbele yangu, ananitazama, na dereva alikuwa ameshawasha gari.

"Una neno, Ndete?" akaniuliza.

"Safari njema," nikasema.

Akasubiri kidogo. Gari likaanza kusogea, naye akashika ngazi isigonge, akainama kwangu, akasema:

"Ukijenga yako, hata kama ni chumba kimoja, niite. Na nitaanza na nje."